Kebo ya flashi kwa Xbox ya kwanza: mwongozo kamili wa kuilehemu mwenyewe

Kodi, ile programu ya video iliyojaa kwenye TV boksi za mitaani kwetu, haikuzaliwa kwenye boksi. Ilianzia ndani ya Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ambayo Microsoft waliiingiza sokoni Marekani Novemba 2001, na jina lake la awali, XBMC, lilikuwa kifupi cha Xbox Media Center. Jina la Kodi lilikuja 2014. Wakati wote huo haikuwahi kukubali kuwaka kwenye Xbox iliyo vilevile ilivyotoka dukani. Ilibidi mashine ifunguliwe kwanza, ama kwa kulehemu chipu kwenye bodi, ama kwa programu peke yake bila kugusa skrubu hata moja.

Mwongozo huu ni wa njia hiyo ya pili, na hasa ni wa sehemu inayowakwamisha wengi: faili la kuifungulia utaliingizaje kwenye mashine isiyo na tundu la USB la kawaida? Linaingia kwa kebo. Ukiwa na pedi ya kuchezea gemu iliyokufa, waya wa kurefusha USB na risasi kidogo ya kulehemu, unaitengeneza jioni moja. Mtandaoni zinauzwa zikiwa tayari, ila ukijumlisha nauli ya mzigo na ushuru, unalipia nyaya nne kama unanunua redio.

Tundu la pedi ni USB iliyobadilishiwa umbo

Matundu manne ya mbele ya Xbox yanazungumza USB 1.1, ileile ya kompyuta za miaka hiyo, kwa kasi isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde. Kilichobadilishwa ni umbo la plagi, na ukaongezwa waya mmoja. Ukiuchuna waya wa pedi halisi utakuta mwekundu ambao ni volti 5, mweupe ambao ni data hasi, wa kijani ambao ni data chanya, mweusi ambao ni hasi ya umeme, na wa njano. Huo wa njano hubeba mapigo ya picha kwa ajili ya bunduki za kulengea kwenye TV. USB haiujui, na sisi hatuutumii.

Kwa hiyo tunaunga nyaya nne kwa nyaya nne. Hakuna chipu katikati, hakuna rezista. Ndiyo maana kazi hii inamfaa hata anayeanza kushika chuma cha kulehemu, mradi akubali jambo moja: rangi za nyaya zinakupa dokezo tu, na mwenye neno la mwisho ni mita ya kupimia umeme (multimeter). Pedi za bandia zimejaa kila mahali, na nyaya za USB za bei ya chini hutoka viwandani kwa rangi yoyote iliyokuwapo siku hiyo.

Makosa nayo hayalingani uzito. Ukigeuza nyaya mbili za data, flashi haitasomwa, basi, unazigeuza tena. Ukigeuza volti 5 na hasi, unaweza kuiua flashi papo hapo. Ukiachia chanya na hasi ziguse, umepiga shoti kwenye tundu la mashine yenyewe. Weka nguvu zako kwenye nyaya mbili za umeme, za data zitajieleza.

Kwanza soma kibandiko cha umeme

Xbox ya kwanza tunayoipata huku aghalabu ni mtumba, imepanda kontena na vitu vingine. Geuza mashine usome volti zake. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani inataka volti 100 hadi 120. Pawa saplai yake haijichagulii umeme kama chaja ya simu: ukiichomeka kwenye 240 ya ukutani, umeiunguza. Ya Ulaya haina shida. Ya Marekani inataka transfoma ya kushusha, na usichukue ya chini ya wati 200.

Tazama pia waya wenyewe wa umeme. Februari 2005 Microsoft walitangaza kubadilisha bure waya za umeme za Xbox zipatazo milioni 14.1 kwa sababu ya hatari ya moto, na mashine zilizohusika ni za matoleo ya awali. Mtumba wako unaweza kuwa mmojawapo na haukuwahi kubadilishiwa. Kichwa cha waya kikiwa kinacheza kwenye tundu, au plastiki yake imegeuka kahawia, usiwashe. Kwanza afungue fundi anayejua pawa saplai, maana kapasita zake kubwa, vipande vya kuhifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Vya kutafuta

Pedi halisi iliyokufa ndiyo bora. Waya wa pedi ya Xbox umegawanyika: upande wa mashine kuna kipande kifupi chenye kiungio kinachoachia mtu akijikwaa, ili pedi ing'oke na mashine ibaki mezani. Usimkatie mtu pedi nzima kwa sababu hii. Mafundi wa gemu wana makasha ya pedi zilizovunjika vijiti ambazo waya wake ni mzima. Kariakoo au Luthuli Avenue ukiulizia pedi mbovu ya Xbox ya zamani watakushangaa kidogo, kisha watapekua.

Upande wa pili unahitaji USB ya kike. Nunua waya wa kurefusha USB, ule wa kiume huku na kike kule, badala ya tundu tupu la bodi. Kulehemu waya kwa waya ni rahisi kuliko kulehemu waya kwenye vipini vinne vilivyosongamana.

Chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40 kinatosha. Kama chako kina kipimo cha joto, weka nyuzi 330 hivi. Risasi iwe ile nyembamba ya vifaa vya elektroniki, ya 60/40 (bati kwa madini ya risasi), yenye rosini, utomvu wa kusaidia risasi ishike, ndani. Usitumie asidi ya mafundi bati: inashika vizuri siku ya kwanza, kisha inakula shaba taratibu. Ongeza mpira wa kusinyaa kwa joto, mwembamba wa nyaya moja moja na mpana wa kufunika wote, pamoja na wembe, koleo ya kukatia, na mita yenye mlio wa kuonyesha kwamba ncha mbili zimeungana. Bila mita usianze.

Flashi iwe ndogo na ya zamani. GB 4 kushuka chini ndiyo salama, na hata MB 256 inazidi mahitaji. Flashi za GB 64 hazina kazi hapa. Zile ndogo siku hizi zimeadimika madukani, ila kwenye droo za ofisi na steshenari zipo tele.

Kukata

Kwenye waya wa pedi, kata upande wa pedi, mbali na kiungio cha kuachia, ubakishe sentimita 30 hivi kutoka kwenye kiungio. Hivyo kebo yako itabaki na sifa yake ya kuachia mtu akiikanyaga. Wengine hukata kile kipande kifupi chenyewe, kabla ya kiungio. Inafanya kazi, lakini unabaki na waya usiotosha kukosea hata mara moja.

Waya wa USB ukate ubakishe sentimita 15 au 20 upande wa kike. Nusu ya kiume usiitupe, tutaihitaji sasa hivi.

Chuna ganda la nje sentimita 4 kila upande. Zungusha wembe kwa kukandamiza kidogo tu, kisha ukunje waya: ganda litapasuka lenyewe bila wembe kufika ndani. Utakutana na karatasi ya fedha au nyavu ya shaba, pengine na waya mmoja mtupu. Hiyo ni kinga ya mawimbi. Isokote pembeni.

Kutambua nyaya kwa mita

Anza na ile nusu ya kiume. Achanisha ncha zake zisigusane, chomeka plagi kwenye chaja ya simu au pawa benki, usitumie kompyuta, na upime volti. Jozi itakayotoa 5 ndiyo umeme: sindano nyekundu ya mita iko kwenye chanya ikiwa namba haina alama ya kutoa. Andika rangi zake.

Chomoa, weka mita kwenye mlio. Ndani ya plagi ya kiume kuna vibati vinne, viwili vya pembeni vimechomoza zaidi ya viwili vya katikati. Vimewekwa hivyo makusudi ili umeme ushike kabla ya data. Cha pembeni kinacholia na waya wa volti 5 ni namba moja. Kinachofuata ni data hasi, kinachofuata ni data chanya, cha mwisho ni hasi ya umeme. Kwa njia hii huhitaji kukumbuka plagi inashikwa juu au chini. Na kwa kuwa nusu ya kike ilitoka kwenye waya huohuo, rangi zake ni zilezile.

Sasa upande wa Xbox. Tandaza nyaya tano, kila moja na kipande chake cha tepu, chomeka kwenye tundu la pedi na uwashe mashine. Pima nyekundu na nyeusi: mita isome karibu volti 5. Ukipata sifuri au namba ya kutoa, una pedi ya bandia. Tafuta jozi inayotoa 5 na uweke rangi zake kando. Zima mashine na uchomoe kabla ya kuendelea. Usilehemu kamwe kebo ikiwa imechomekwa.

Kulehemu

Ingiza mpira wa kusinyaa kabla ya kitu kingine chochote: ule mpana kwenye kebo, na minne myembamba kwenye nyaya nne za upande mmoja. Isogeze mbali na joto. Ukishaunga waya wa nne ndipo ukumbuke mpira, hakuna njia isipokuwa kubandua.

Kisha kata nyaya kwa ngazi. Upande wa Xbox acha mwekundu mrefu, mweupe mfupi kidogo, wa kijani mfupi zaidi, mweusi mfupi kuliko yote. Upande wa USB fanya kinyume chake, mwekundu mfupi na mweusi mrefu. Zikiungana, viungo vinne havitakaa sambamba. Hata mpira mmoja ukitoboka siku moja, waya wa jirani hapo ni mzima na shoti haipo. Hatua hii inakula dakika tano na watu wengi huiruka. Mimi naiona ndiyo inayotenganisha kebo ya miaka na kebo ya wiki.

Waya wa njano ukate karibu kabisa na ganda na uufunge tepu. Usiuunganishe na chochote, hata kwenye kinga ya mawimbi.

Chuna milimita 5 kila ncha. Nyuzi za ndani ni nyembamba kama unywele, kwa hiyo wembe ukiingia sana utabaki na nusu yake. Zisokote, ziguse kwa chuma kutoka chini, ulishe risasi kutoka juu. Risasi ikinywewa na shaba ikang'aa, toa chuma. Sekunde mbili zinatosha. Ukikaa zaidi, plastiki inarudi nyuma na kuacha shaba nje. Kama risasi inajikunja kuwa vidonge na kukataa kushika, ujue nyuzi zimepakwa vanishi, jambo la kawaida kwenye nyaya za bei ya chini. Zikwangue kwa wembe, upake rosini, ujaribu tena.

Ncha zote zikishapakwa risasi, zilaze ubavu kwa ubavu, usizielekeze pua kwa pua. Gusa kwa chuma mpaka risasi ya pande zote mbili iyeyuke na kuwa moja, toa chuma, na usitikisike. Hapo ndipo mikono miwili inakuwa michache: bana waya kwenye kitabu kizito, au kwa kibanio cha nguo kilichogongomelewa kwenye ubao. Kiungo kizuri kinang'aa na unaona umbo la nyuzi chini ya risasi. Kilichofifia na kuvimba kimeshika juujuu tu. Kipashe moto upya na rosini kidogo. Na LUKU ikiisha katikati ya kiungo, kirudie chote umeme ukirudi, usikiamini.

Anza na data mbili, mweupe kwa mweupe na kijani kwa kijani, au rangi yoyote ambayo mita imekuambia. Nyaya hizi mbili zimesokotwa pamoja ndani ya kebo kwa sababu ya kelele, basi usizisokotoe zaidi ya unavyohitaji. Kisha mweusi, mwisho mwekundu. Kila kimoja kikipoa, vuta mpira juu yake na uupashe kwa ubavu wa chuma au kiberiti cha gesi kwa mbali. Kinga ya mawimbi iunge na kinga ya upande wa pili, ikiwa mbali na nyaya nyingine. Kama upande mmoja hauna, ikate na kuifunga. Mpira mpana acha kwanza bila kuusinyaisha.

Fungua dirisha muda wote, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi ina madini ya risasi kweli.

Kuna michoro inayozunguka ya kuchuna pedi nzima katikati ya waya wake na kupachika tundu la USB ubavuni bila kukata, ili pedi ibaki inatumika. Siipendekezi. Nyaya za data za USB hazikubali vifaa viwili kwenye mstari mmoja. Pedi na flashi zitajibu pamoja na mashine haitamsikia yeyote.

Kupima kabla ya flashi

Mita kwenye mlio, kebo haijachomekwa popote. Chomeka ile nusu ya kiume uliyoitunza kwenye tundu lako jipya la kike, uguse kila waya wake dhidi ya kiungo chake kwenye kebo. Kila kimoja kilie peke yake. Kisha jaribu kila jozi, hasa nyekundu na nyeusi. Hapo pasilie chochote. Tikisa kebo huku ukipima; kiungo kibovu hujificha kikiwa kimetulia.

Kimya kikiwa kimya, chomeka kwenye Xbox, washa, upime volti mwishoni mwa ile nusu ya kiume. Ukiona 5 na upande ni sahihi, zima, sinyaisha mpira mpana, na kebo imekamilika.

Flashi inaingia

Xbox haisomi FAT32, mfumo wa kupanga faili wa kompyuta. Ina mfumo wake, FATX, na ikikuta flashi isiyoielewa inaifuta na kuifomati yenyewe. Kwa hiyo usiazime flashi yenye picha za harusi ya mtu.

Weka pedi nzima kwenye tundu la kwanza, kebo na flashi kwenye tundu jingine, uwashe bila diski. Kwenye dashibodi, yaani menyu ya kuanzia ya Xbox, ingia ukurasa wa memori. Mashine ikikutangazia kwamba kadi ilikuwa na hitilafu na imefutwa, furahi: imeiona. Ikikaa kimya, jaribu flashi nyingine kabla ya kulaumu kebo, kwa maana Xbox inachagua sana na flashi mbili za kampuni moja zinaweza kupokelewa tofauti. Flashi tatu zikigoma huku taa zake zinawaka, geuza nyaya mbili za data. Taa zisipowaka kabisa, rudi kwenye nyekundu na nyeusi.

Kuandika faili kwenye flashi iliyofomatiwa hivyo kunahitaji programu ya kompyuta inayoelewa FATX. Kwenye Windows ya sasa watu hutumia FATXplorer. Windows yenyewe itakuomba uifomati flashi; kataa.

Njia za zamani za kufungua mashine hupitia faili la sevu, lile la kuhifadhi ulipofikia, la gemu fulani zenye udhaifu, kama Splinter Cell, 007: Agent Under Fire na MechAssault. Unahitaji diski halisi, na toleo lake lina uzito: MechAssault ya chapa za baadaye ilizibwa, na sevu ya mashine za Ulaya si ya mashine za Marekani. Mwaka 2024 ilitolewa ENDGAME, inayoingia kupitia ukurasa wa memori wa dashibodi bila diski ya gemu yoyote. Kwa mtu asiyeweza kupata diski za miaka 20 iliyopita, hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Kufungiwa mtandaoni si hofu tena, kwa sababu Microsoft waliuzima mtandao wa Xbox ya kwanza tarehe 15 Aprili 2010. Kunakili gemu usizozinunua ni jambo jingine na sheria yake iko palepale.

Mashine ikishafunguka, kabla hujagusa rangi za menyu, hifadhi nakala ya EEPROM, chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye bodi, na uipeleke kwenye kompyuta. Ni baiti 256 tu. Ndani yake ndimo ulimo ufunguo unaofungua diski kuu, na kila Xbox ina wake. Diski hizi za GB 8 au 10 zimezeeka zote. Siku yako ikifa ukiwa na nakala, unatayarisha diski mpya na mashine inarudi. Bila nakala, ufunguo itabidi uusome kwenye bodi yenyewe kwa waya na programu maalumu.

Na kwa kuwa chuma bado kina moto: mashine za matoleo ya 1.0 hadi 1.5 zina kapasita ya saa ambayo huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Ing'oe na usafishe kwa spiriti. Utakachopoteza ni saa kutotunza muda ukichomoa umeme. Ya 1.6 ina kapasita ya aina nyingine, iache.

Kama pedi uliyokata ilikuwa nzima, nusu yake bado ina kazi. Chukua ile plagi ya kiume ya USB, iunge na waya wa pedi kwa mpangilio uleule wa nyaya nne, njano uiache, na umepata pedi ya kompyuta. Kwenye Linux haihitaji kusakinisha kitu: dereva yake (programu ya kuendeshea kifaa), xpad, imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha mfumo huo. Kwenye Windows utatafuta dereva mwenyewe.